UFAGIO NA SHAHADA CHINI YA PAA MOJA

Ndugu msomaji, tuseme mwanao amechaguliwa kuingia chuo. Barua imefika, majirani wameisikia habari, na mama mtu amekwisha piga vigelegele. Kisha inafika barua ya pili. Inamweleza kijana kwamba pamoja na kusoma historia, hisabati na falsafa, atapangiwa kazi ya kulisha mifugo, au kufuma nguo, au kusafisha bwalo, au kutengeneza mafagio, na kwamba hakuna mwanafunzi anayesamehewa, awe mwenye akili kuliko wote au awe mwana wa nani. Je, utafurahi? Au utavaa viatu uende ukamwulize mkuu wa chuo kama mwanao ameitwa kusoma au ameitwa kuwa kibarua?

Swali hili halikubuniwa kwa ajili ya makala haya. Katika jimbo la Kentucky, Marekani, pale nchi tambarare inapoanza kupanda kuelekea milima ya Appalachia, upo mji mdogo uitwao Berea, na ndani yake chuo chenye jina hilohilo. Wanafunzi wake ni kama 1,500 tu. Ni chuo cha namna ambayo Wamarekani wanayo kwa wingi na ambayo sisi hatuijui sana: kidogo, cha bweni, kinachompa kijana elimu ya jumla ya lugha, sayansi, historia na sanaa, badala ya kumfunga tangu mwanzo katika kazi moja. Vyuo vingi vya aina hiyo ni ghali mno. Wanaoingia humo ni watoto wa matajiri na wachache waliobahatika kupata msaada. Berea ni kinyume chake. Tangu mwaka 1892 hakitozi ada ya masomo. Huchagua vijana ambao wazazi wao hawana uwezo, na kila mmoja hufanya kazi ya chuo si chini ya saa 10 kwa wiki.

Msomaji anaweza kusema kwamba hiyo ni habari njema na kwamba yatosha. Lakini historia ya chuo hiki haikunyooka namna hiyo. Ndani yake mna kisa cha ahadi iliyotolewa, ikavunjwa, na ikachukua miaka 46 kurudishwa.

EKARI KUMI

Mwanzilishi wake, John Gregg Fee, alizaliwa Kentucky mwaka 1816, mtoto wa mtu aliyemiliki watumwa. Alikwenda kusomea uchungaji mjini Cincinnati, ng'ambo ya mto Ohio, katika upande ambao utumwa haukuruhusiwa, na akarudi nyumbani akiwa na itikadi kwamba mtu kummiliki mtu ni dhambi isiyo na udhuru. Baba yake alimnyima urithi. Katika nyumba hiyo ya baba alikuwamo mama mtumwa aliyeitwa Juliet Miles. Fee alimnunua kutoka kwa mzee wake ili amwachie huru. Mwaka 1858 mama huyo, ambaye alikwisha hamia Ohio, alirudi Kentucky kuwachukua wanawe waliokuwa wangali utumwani. Alikamatwa njiani, akafungwa, na akafia gerezani. Nimelitaja tukio hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba tunazungumza juu ya mabishano ya wasomi waliokaa vitini.

Aliyempa Fee mahali pa kusimama alikuwa tajiri mmoja, Cassius Marcellus Clay, naye mpinzani wa utumwa ingawa alizaliwa katika nyumba yenye watumwa wengi. Wapenzi wa ndondi watalitambua jina hilo mara moja. Baba wa bingwa Muhammad Ali, mzaliwa wa Kentucky, aliitwa hivyo kwa heshima ya bwana huyu, na Ali mwenyewe alilichukua jina hilo kwa baba yake mpaka alipoliacha mwaka 1964. Clay alimpa Fee ekari 10 kandoni mwa milima. Fee akajenga hapo kanisa lenye waumini 13, akapaita mahali hapo Berea, yaani Beroya ya katika Matendo ya Mitume, ambako watu walisifiwa kwa kuyachunguza mambo wenyewe kabla ya kuyaamini. Mwaka 1855 ilifunguliwa shule ya chumba kimoja, ambacho siku ya Jumapili kiligeuka kuwa kanisa. Kutoka sura hiyohiyo ya kitabu hicho waanzilishi walichukua kauli yao, kwamba mataifa yote ya dunia ni wa damu moja. Katika jimbo ambalo watu walinunuliwa na kuuzwa sokoni, kauli hiyo ilikuwa ya hatari kubwa.

Hatari hiyo ilitimia mwezi Desemba 1859. Miezi miwili tu kabla yake, John Brown alikuwa ameishambulia ghala ya silaha za serikali huko Harpers Ferry, Virginia, akitaka kuwapa silaha watumwa, na hofu ilikuwa imewaingia mabwana wote wa Kusini. Watu wapatao sitini waliopanda farasi walifika Berea wakiwa na silaha. Walizunguka nyumba kwa nyumba na kuwapa walimu na jamaa zao siku 10 wawe wamekwisha toka jimboni. Walitoka, pamoja na wake na watoto, katika baridi ya Desemba.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Fee alirudi Kentucky na kufanya kazi katika kambi ya jeshi ya Camp Nelson, ambako maelfu ya watu weusi walikuwa wakijiandikisha askari ili wapate uhuru wao. Aliwafundisha kusoma na kuandika, wao na jamaa zao. Yafaa kukumbuka kwamba lile tangazo maarufu la Rais Lincoln la mwaka 1863 halikuwahusu watumwa wa Kentucky, kwa kuwa jimbo hilo halikuwa limeasi. Wengi wao walingoja hadi Desemba 1865, yalipopitishwa marekebisho ya Katiba.

WEUSI 96, WEUPE 91

Shule ilifunguliwa upya mwaka 1866. Walipoingia wanafunzi weusi wa kwanza, wapo wenzao weupe waliokusanya vitabu vyao wakatoka. Waliobaki walibaki. Hesabu ya mwaka ule wa kwanza imehifadhiwa: wanafunzi 187, weusi 96 na weupe 91. Msomaji na aisome tena hesabu hiyo. Mwaka mmoja tu kabla yake, mtoto mmojawapo wa wale 96 angeweza kuwa mali ya baba wa mtoto mmojawapo wa wale 91. Sasa walikuwa wamekaa dawati moja.

Mwaka 1869 yalianza masomo ya chuo, na shahada za kwanza zilitolewa mwaka 1873. Katika miaka hiyohiyo mama mweusi, Julia Britton, alifundisha muziki hapo, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo Wazungu. Jambo ambalo katika sehemu nyingine za Kusini lingetosha kuchomesha shule moto. Bodi ya chuo hata ilijadili kama kijana mweusi na msichana mweupe, au kinyume chake, wanaweza kuchumbiana, na mwaka 1872 ikaamua kwamba wanaweza. Kwa muda wa miongo kadhaa idadi ya weusi na weupe ilikaribia kuwa sawa.

Mabadiliko yalikuja na rais wa chuo aliyeshika madaraka mwaka 1892, William Goodell Frost. Huyu ndiye aliyeuelekeza uso wa chuo kwa Wazungu fukara wa milimani, watu wa vibanda vya magogo ambao hakuna aliyewajali. Kuwajali kulikuwa haki yao. Lakini kadiri alivyozidi kuwatafuta hao, ndivyo uwiano wa wanafunzi weusi ulivyozidi kupungua, nao wakalalamika hadharani kwamba wanasukumwa pembeni katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yao. Kwa maoni yangu walikuwa na haki ya kulalamika. Ahadi haivunjwi na adui peke yake. Wakati mwingine huanza kulegezwa na mwenye nyumba.

Mmoja wa weusi waliowahi alikuwa Carter G. Woodson, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, ambaye katika ujana wake alichimba makaa ya mawe. Alipata shahada yake Berea mwaka 1903. Mwaka 1912 alipata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1926 akaanzisha Wiki ya Historia ya Watu Weusi, ambayo baadaye ilikua ikawa mwezi mzima wa Februari. Kama angechelewa mwaka mmoja, mlango angeukuta umefungwa.

SHERIA YA MWAKA 1904

Mbunge mmoja wa jimbo, Carl Day, alipeleka mswada wa kupiga marufuku shule yoyote, hata ya watu binafsi, kuwafundisha weusi na weupe pamoja. Katika Kentucky nzima chuo cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo kila mtu alijua ni nani anayelengwa. Faini ilikuwa dola 1,000. Sheria iliruhusu shule kuwa na tawi la rangi nyingine, ila tawi hilo liwe umbali wa maili 25 au zaidi, kana kwamba kujifunza pamoja ni ugonjwa unaoruka na upepo.

Chuo kilikwenda mahakamani. Kilishindwa jimboni, kikakata rufani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwezi Novemba 1908 kikashindwa huko pia. Majaji walio wengi walisema kwamba chuo ni shirika lililoundwa kwa idhini ya jimbo, na jimbo lina uwezo wa kubadili masharti ya kile lilichokiunda. Majaji wawili walikataa. Mmojawapo alikuwa John Marshall Harlan, mzaliwa wa Kentucky, ambaye mwaka 1896 pia alikuwa amesimama peke yake kupinga ubaguzi katika magari ya moshi.

Wanafunzi weusi waliondoka. Chuo kiliwalipia nauli kwenda katika vyuo vya watu weusi vya majimbo mengine, na kikashiriki kuchanga fedha za kujenga shule mpya kwa ajili yao, Lincoln Institute, iliyofunguliwa mwaka 1912 karibu na Simpsonville. Katika eneo la shule hiyo alizaliwa Whitney Young, aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa haki za raia katika miaka ya 1960. Shule hiyo ilifanya kazi njema. Hata hivyo, kauli ya damu moja ilibaki Berea kwa miaka 46, ikisomwa na watu wa rangi moja.

KAZI YA MIKONO

Sasa turudi kwenye ufagio wetu. Tangu siku za mwanzo wanafunzi wa Berea walifanya kazi kwa sababu rahisi: hawakuwa na fedha. Shamba la chuo lilianza mwaka 1871 na wanafunzi wanalilima mpaka leo. Rais Frost, alipotembelea nyumba za milimani, aliona mablanketi mazuri ya sufi na pamba yaliyofumwa na akina mama, akayakubali kuwa malipo ya masomo ya watoto wao. Hapo ndipo chuo kilipoanza kuifanya kazi ya kufuma kuwa kazi ya wanafunzi, na ufundi huo ungali hai. Mafagio yalifuata mwaka 1920. Hutengenezwa kwa aina ya mtama usioliwa, wenye masuke marefu na magumu, unaofungwa kwenye mpini kwa uzi na kushonwa; mafagio hayo huuzwa, na watu huyanunua kwa kuwa ni imara na mazuri. Hoteli ya chuo, Boone Tavern, ilifunguliwa mwaka 1909, baada ya mke wa rais kuchoka kuwapokea nyumbani kwake wageni kwa mamia. Wanafunzi ndio wahudumu wake.

Kanisa la chuo lilijengwa na wanafunzi kati ya mwaka 1904 na 1906, kuanzia matofali hadi mbao. Ni miaka ileile ambayo wenzao weusi walifungiwa nje. Gharama zilitoka kwa Olivia Phelps Stokes, bibi tajiri wa New York, na kanisa lina jina la ukoo huo.

Jina hilo lina historia hapa kwetu. Mfuko wa Phelps-Stokes, ulioanzishwa mwaka 1911 kwa wasia wa dada yake, Caroline, ulituma tume Afrika Mashariki mwaka 1924. Ndani yake alikuwamo Mwafrika mmoja msomi, Dakta Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume hiyo ilizishauri serikali za kikoloni kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na mazingira yake: kilimo, afya, kazi za mikono. Ukiyasoma maneno hayo peke yake huoni kosa. Lakini wazee wetu hawakuyasoma peke yake. Waliona kwamba mtoto wa Mzungu wa Nairobi hakupewa jembe darasani, alipewa vitabu. Wakahisi kwamba wanapewa jembe ili wasifikie kalamu, na wengi wakadai shule za vitabu na Kiingereza. Ndiyo sababu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na kutaka kila shule iwe na shamba lake, alikuta mashaka ya zamani yakimngoja katika vifua vya wazazi.

Tukubali pia kwamba mashaka hayo tuliyalisha wenyewe. Katika shule niliyosoma mimi, fyekeo lilikuwa la waliochelewa, na kuteka maji ya mwalimu kulikuwa kwa wapiga kelele. Ukimfundisha mtoto kwa miaka saba kwamba kazi ni adhabu, usimshangae akikimbilia mjini kutafuta kiti.

Berea wamejaribu njia nyingine, nayo si kamilifu. Kazi haikuwekwa mahali pa kitabu. Anayetengeneza ufagio asubuhi hufanya mtihani wa kemia mchana, na shahada yake haina upungufu wowote mbele ya shahada nyingine. La pili, kazi ni ya wote. Pale ambapo kila mtu anafagia, hakuna mfagiaji. Kazi zenyewe zimetawanyika katika idara zaidi ya 100: maktaba, maabara, ofisi, bustani, shamba, karakana. Malipo ya saa ni madogo, na wapo wanafunzi wanaonung'unika, kama vijana wanavyonung'unika kila mahali.

FEDHA, NA SIKU YA MLIMANI

Msomaji mwenye hesabu atauliza: saa 10 kwa wiki zinawezaje kulipia chuo? Hazilipii. Ni vema jambo hili lisemwe wazi. Linalolipa ni akiba. Mwaka 1920 Bodi iliamua kwamba fedha za wasia zisizopangiwa shughuli maalumu zisitumiwe, bali zitiwe katika mfuko wa kudumu na kinachotumika kiwe faida yake tu. Mfuko huo leo unapita dola bilioni moja. Chuo cha maskini, basi, ni chuo chenye mali nyingi. Ukubwa huo nusura ukiponze. Bunge la Marekani lilipotoza kodi mifuko ya vyuo tajiri mwaka 2017, Berea nacho kilinaswa katika wavu uleule. Mwaka 2018 sheria ikarekebishwa iwahusu tu wenye wanafunzi wanaolipa ada.

Maisha ya chuo ni ya utulivu, wengine wangesema ya upweke kwa kijana aliyezoea jiji. Mji ni mdogo na misitu ni mingi. Chuo kina msitu wake wa maelfu ya ekari. Kuna ngoma za asili za milimani, na kuna mikutano ambayo mwanafunzi analazimika kuihudhuria ili asikilize wasemaji kutoka nje. Wanafunzi walio na watoto wana nyumba zao, na watoto wao wana mahali pa kulelewa mzazi akiwa darasani. Akina mama wasomaji wetu watajua thamani ya hilo. Mara moja kwa mwaka, mwezi wa Oktoba, masomo husimama siku nzima. Wanafunzi huamka gizani, hupanda mlima ulio karibu, na kulingojea jua juu ya majabali.

Sheria ya Day ilirekebishwa mwaka 1950, na mwaka huohuo chuo kikafungua tena mlango kwa weusi. Walirudi kwa uchache mwanzoni. Mlango uliofungwa kwa nusu karne hauaminiki kwa siku moja. Mwezi Machi 1965 kundi la wanafunzi na walimu, weusi kwa weupe, lilisafiri hadi Alabama kujiunga na maandamano ya Dakta Martin Luther King mjini Montgomery. Na mwaka 2004, karne moja kamili baada ya sheria ile, mwandishi mashuhuri bell hooks, mwanamke mweusi aliyezaliwa Kentucky mwaka 1952, ambaye aliliandika jina lake kwa herufi ndogo, alikuja kufundisha Berea. Alikaa huko hadi alipofariki dunia Desemba 2021.

Ama yule mwanao aliyepata barua ya pili, mwaka wake wa kwanza hatachagua kazi, atapangiwa. Msimamizi wake atamwandikia maendeleo kama mwalimu anavyoandika. Siku ya kuhitimu atatoka na taarifa mbili: moja ya masomo yake, na ya pili ya kazi alizofanya na jinsi alivyozifanya.